Aliyelaza Ndiye Huamsha

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, mkapiga makofi, kisha Isabirye, ambaye sasa ndiye fundi mkuu wenu, akasimama na kusema Mzee Siraji aandike mambo ya kazi kabla hajayasahau. Mambo ya kazi sijayasahau. Yako machache ambayo ningefurahi kuyasahau, na moja kati ya hayo ndilo limenikalisha hapa uani kwangu Bugembe, na daftari la mjukuu wangu mapajani. Vyeo sitavitaja kwa sababu sikuvipata. Mshahara nao sitautaja, maana haukuwahi kukaa kwangu muda wa kutosha tukafahamiana.

Naandika kwa Kiswahili. Najua wengine wenu mkisikia Kiswahili mnawaza askari na vizuizi vya barabarani. Mama zenu waliwafundisha hivyo na walikuwa na sababu zao. Lakini mimi ni Mwislamu wa Mbale, na kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya chuo cha Kurani na ya sokoni. Na karakana yenu ilisimama kwa lugha hiyo hiyo, kwa sababu aliyeianzisha alijua Kisoga cha salamu tu, mimi Kipunjabi sikukijua hata cha salamu, na Kiingereza changu kiliishia kwenye majina ya spana.

Aliyeianzisha ni Mzee Kirpal. Wengi wenu mmeona picha yake tu pale ukutani: Kalasinga mrefu, kilemba cha buluu, ndevu nyeupe, penseli mbili mfukoni. Alizaliwa Jinja, akafukuzwa pamoja na Wahindi wengine wakati wa Amin, na serikali iliyokuja baadaye iliporuhusu watu warudi, alirudi na mkewe. Akajenga banda la mabati Wanyange, karibu na maji, akaanza kutengeneza injini za boti. Mimi wakati huo nilikuwa Mbale, natengeneza mashine za kusaga mahindi. Dereva wa lori akaniambia kuna Kalasinga Jinja anatafuta mtu wa injini ndogo. Nikaja na begi moja na kiburi kingi.

Siku ya kwanza Mzee alinionyesha injini iliyofungwa kwenye kigingi cha mbao, akasema anakwenda kunywa chai, nisikae bure. Nikaona hapa ndipo pa kujionyesha. Nikatia petroli, nikavuta kamba, injini ikanguruma vizuri sana. Nikasimama nimeshika kiuno. Mzee alitoka mbio, chai ikimmwagikia mkononi.

"Hapana washa kavu! Hapana washa kavu, bwana!"

Mashine ya kusaga hupoa kwa upepo au kwa maji yake yenyewe. Injini ya boti hunywa maji ya ziwa, na ukiiwasha nchi kavu, ule mpira wa pampu unaovuta maji huungua kabla hujamaliza kujisifu. Nilidhani atanirudisha Mbale siku hiyo hiyo. Hakunirudisha. Alinipa bisibisi akanikalisha chini, nikafungua mguu wote wa injini mpaka nikautoa mpira wenyewe, mabawa yake yote yamekunjamana na kunuka. "Weka mfuko," akasema. "Siku iko jisikia fundi sana, shika." Ninao mpaka leo. Kisha akanituma kutafuta pipa, tukalikata juu, tukalijaza maji, na tangu siku hiyo hakuna injini iliyowashwa karakanani bila mguu wake kuwa ndani ya pipa. Pipa mlilonalo sasa ni la nne.

Alikuwa mkali, lakini ukali wake ulikuwa kwenye kazi, haukukufuata nyumbani. Nilipopata malaria mwezi wa pili, mkewe, Mama Harjit, aliniletea dali ya dengu na wali kwenye sufuria ndogo, akakaa kwenye tairi kuukuu kuhakikisha nimekula. Alikuwa na tabia ya kuuliza habari za mama yangu Mbale kana kwamba walikulia mtaa mmoja. Hawakuwahi kuonana.

Sasa nifike kwenye kazi yenyewe, maana hii ndiyo niliyoifanya kuliko nyingine zote: kulaza boti.

Kitabu cha injini kilikuwa na sura nzima juu ya majira ya baridi. Mlikiona, kile chenye jalada lililoliwa na mende. Katika sura hiyo kuna picha ya Mzungu amevaa koti na glovu nene, na boti yake imefunikwa na theluji. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka, nikamwambia Mzee ukurasa huu tungewashia jiko. Hakucheka.

"Wazungu iko na baridi," alisema. "Sisi iko na kuondoka."

Ndipo akanisimulia. Siku za kufukuzwa, boti yake ilikuwa imefungwa gatini, petroli ndani ya tangi, ufunguo kwenye msumari, kama ya mtu atakayerudi baada ya chakula cha mchana. Aliporudi baada ya miaka yote ile, aliikuta Wanyange kwa mwenye ng'ombe, wakinyweshwa maji humo. Injini haikuonekana tena. Alibadilishana na yule bwana kwa matangi mawili ya maji, akaikwangua boti, akabadilisha mbao kumi na moja, akafunga injini nyingine. Ubavuni aliandika tena jina kwa Kipunjabi. Ni jina la mama yake, ndivyo alivyoniambia. "Mtu akiondoka," akasema, "lazima kwanza aage kitu yake."

Wateja wetu walikuwa watu wa kuondoka. Wenye viwanda walikwenda kwa watoto wao ng'ambo miezi mitatu, minne. Wazungu wa miradi walikwenda likizo. Wakati mwingine magugu maji yaliziba ufuko wiki nyingi, hata anayetaka kutoka hatoki. Basi boti zikaletwa kwetu kulazwa, na Mzee alinifundisha kwa mpangilio ambao nyinyi mnaujua, ingawa nimewaona wengine mkianzia katikati. Unaivuta nchi kavu na kutoa kizibo cha nyuma, maji yote yatoke na ya mvua yasikae. Unaosha injini kwenye pipa kwa maji safi, maana matope ya ziwa letu hukauka kama saruji. Injini ikiwa bado inanguruma ndani ya pipa, unachomoa bomba la petroli na kuiacha iendelee mpaka ijizimie yenyewe kwa njaa, kabureta isibaki na hata tone. Unafungua plagi, unatia oili kijiko kimoja kila tundu, unazungusha kwa mkono. Unabadilisha oili ya gia; ikitoka nyeupe kama uji, maji yameingia, usimdanganye mwenye boti. Unapaka grisi, unaziba matundu kwa vitambaa vilivyolowa grisi ili nyigu wa udongo wasijenge. Unafunika kwa turubai lakini unaacha upepo upite, maana boti iliyofungwa kabisa huoza kwa jasho lake.

Mwisho wa yote ni kadi. Mzee alikata kadi kutoka masanduku ya plagi, akaandika kila kazi mstari wake, na kila ukimaliza kazi moja unatia alama. Chini unaandika jina lako. Kadi inafungwa ndani, chini ya kofia ya injini, kofia inabanwa. Na hapo ilikuja sheria yake ambayo hamkuikuta kwenye kitabu chochote: aliyelaza ndiye huamsha. Mkono mwingine usifungue kofia ile. Siku ya kuamsha, aliyelaza anafungua mwenyewe, anaitoa kadi, anampa mwenye boti mkononi. Kama umeiba kazi, utakuwa umesimama pale pale ukionekana. Nilimwuliza, je, fundi akifa? Akasema, "Basi nitauliza mjane yake." Ulikuwa mzaha, lakini sheria haikuwa mzaha. Mara moja mteja aliharakisha, akafungua boti yake mwenyewe, na Mzee hakuipokea tena boti ile.

Boti yake mwenyewe hakuilaza kwa miaka mingi. Kila Jumapili alitoka na Mama Harjit. Mama alibeba chupa ya chai na kiti kidogo cha kitambaa, akakaa mbele akitazama maji, Mzee nyuma kwenye usukani, hawaongei. Siku moja nilikuwa nawasukuma kutoka ufukweni, Mama akaniambia, "Siraji, siku yangu ikifika, mimi nitatoka na hii. Si ndege, si gari. Hii." Nikamwambia Mungu apishie mbali, Mama. Akasema, "Apishie, lakini wewe sikia." Kwa desturi yao majivu ya marehemu hupelekwa kwenye maji yanayokwenda, na Jinja tuna maji yanayokwenda mpaka Misri. Mzee alisikia, akajifanya anatazama injini.

Kisha Mama akaugua. Mwana wao, Harjit, aliyekuwa Uingereza, akawaita wote wawili huko kwa matibabu. Safari ilipangwa kwa haraka. Mzee alikuja karakanani Jumatano, akasimama mbele ya boti, akasema maneno ambayo hakuwahi kuniambia: "Hii laza wewe." Boti zote za watu nilikuwa nalaza mimi, lakini hii alikuwa haiachi iguswe. Nilisikia fahari, na sitaificha. Wakaondoka usiku wa Alhamisi. Nami nikapanga kuilaza Ijumaa.

Ijumaa hiyo, Mbale, mtoto wa dada yangu alikuwa anatahiriwa kesho yake. Sisi wa dini hufanya mambo hayo hospitalini kimya kimya, lakini dada yangu ameolewa kwa watu wa mila, na kwa Wamasaba hao mjomba asipoonekana siku ya kisu, neno hilo huzeeka kuliko yeye. Nilianza kazi mapema. Nilitoa kizibo, nikaosha boti, nikabadilisha oili ya gia, nikapaka grisi. Ilipofika zamu ya pipa, nikakuta linavuja na maji yamebaki ya kuosha miguu tu. Bomba la mfereji lilikuwa kavu. Kujaza pipa kwa madumu kutoka ziwani ni safari kumi na mbili, kisha kuiwasha injini na kuingoja ijizimie. Nikatazama jua. Dada alikuwa amepiga simu mara tatu.

Nikachomoa bomba la petroli, nikatia oili kwenye matundu ya plagi, nikazungusha kwa mkono, nikajiambia ile petroli ya ndani ya kabureta nitaichoma Jumatatu. Kisha nikachukua kadi, nikatia alama kwenye kila mstari. Kila mstari. Nikaandika Siraji, nikafunga kofia, nikakimbilia teksi.

Methali ya haraka na baraka niliijua tangu utotoni. Kuijua methali si kuitii. Teksi iliharibika njiani, Tirinyi. Nilipofika asubuhi iliyofuata kijana alikuwa ameshasimama uani, ameshakatwa, amevikwa kanga, na mjomba mwingine ndiye aliyekuwa amesimama upande wangu. Dada alinipa kiti bila kunitazama. Kwa hiyo nilikosa kule, na huku nilikuwa nimekosa tayari.

Jumatatu nilikuwa bado Mbale. Niliporudi kulikuwa na injini mbili za wavuvi zinangoja, na kofia ilikuwa imefungwa, na kadi ndani yake ilisema kazi imekwisha. Mtu husadiki mwandiko wake mwenyewe upesi mno. Baada ya mwezi nilikuwa nimesahau kabisa.

Mwaka mmoja na miezi mitatu baadaye Harjit akapiga simu. "Anko Siraji, tunamleta Mama. Mzee anasema uamshe boti. Tuna siku nne tu."

Nililia, kisha nikafanya kazi. Nikaondoa turubai, nikaitia boti majini siku mbili ili mbao zivimbe na kuziba mianya. Nikafungua kofia, nikatoa kadi, nikaitia mfukoni. Petroli mpya, plagi mpya, pipa limejaa. Ikawaka, ikanguruma kwa sauti ya chini, nikaridhika. Lakini kwenye pipa huwezi kufungua mafuta mpaka mwisho, maji yote yangeruka nje. Injini inaweza kuwa mgonjwa na kwenye pipa ikakusalimia vizuri.

Asubuhi ile Mzee alikuja amekonda, kilemba cheupe. Nilimpa kadi mkononi kama sheria ilivyotaka. Aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni, akanishika bega. Tukapanda: Mzee, Harjit na mkewe, mzee mmoja wa hekaluni kwao, na mimi. Harjit alikuwa ameshika chungu kidogo cha chuma kilichofungwa kitambaa chekundu, na mkewe kikapu cha maua. Kile kiti kidogo cha kitambaa kiliwekwa mbele, mahali pake. Hakuna aliyekikalia.

Tulitoka polepole mpaka tukavuka magugu. Mzee akafungua mafuta kuelekea mdomo wa mto, injini ikakohoa, ikavuta, ikafa. Nikavuta kamba mpaka kiganja kikachubuka. Ilikuwa inawaka na kufa, inawaka na kufa, na upepo ukaanza kuturudisha kwenye magugu. Mzee alitoa bisibisi mfukoni, akanisogeza pembeni, akafungua kikombe cha kabureta.

Petroli iliyolala mwaka mzima huganda, ikawa gundi ya rangi ya asali, na harufu yake ni ya vanishi ya samani. Kila fundi anaijua. Mzee alitia kidole, akanusa. Kisha akaitoa ile kadi mfukoni, akaikunjua, akaisoma mstari ule, taratibu, na alama yangu pembeni. Nilikuwa karibu naye kuliko nilivyo karibu na ukuta huu. Nilingoja aseme.

Harjit akauliza, "Ni nini, Papa?"

"Petroli ya siku hizi," Mzee akajibu. "Mbaya sana."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Aliirudisha kadi mfukoni, na mimi nikanyamaza. Hapo ndipo ningesema. Maneno yenyewe yalikuwa machache: Mzee, sikuichoma, niliandika uongo.

Ikatokea boti ya watalii, zile za kwenda kuonyesha watu chanzo cha mto, benchi za plastiki, muziki juu, maputo ya sherehe ya kuzaliwa ya mtu bado yamefungwa kwenye paa. Kijana aliyeiendesha akapaza sauti, "Wazee, mko sawa? Mnataka kuona chanzo?" Alipokiona chungu alizima muziki mwenyewe bila kuambiwa, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Wakahamia kwake. Mimi nilibaki katika boti yetu, tukafungwa nyuma yao kwa kamba, tukavutwa.

Kwa hiyo Mama Harjit alitoka na boti ya maputo. Mimi ndiye niliyetoka na ile aliyoitaka, peke yangu, nimekaa nyuma ya kiti chake kitupu. Walipofika penye mkondo, Harjit akainamisha chungu, mzee wa hekaluni akasoma, wakatupa maua. Maji yanakwenda kasi pale. Lakini kabla ya kwenda yalizunguka kidogo, na yale maua na yale majivu yakaja yakapita ubavuni mwa boti yangu, karibu kiasi kwamba ningeweza kuyagusa. Nilikaa na mikono yangu mapajani.

Siku mbili zilizobaki Mzee alishinda karakanani. Aliisafisha kabureta mwenyewe, akaiwasha kwenye pipa, akaisikiliza, hakutoka nayo ziwani. Kisha akailaza. Mimi kazi yangu ilikuwa kumpa spana. Alichota maji ya pipa pamoja nami, madumu yote kumi na mawili, mtu wa umri ule. Alichomoa bomba, tukasimama tukaisikiliza injini mpaka ikamaliza petroli na kunyamaza. Tulisimama muda mrefu baada ya kunyamaza. Hapo pia ningesema.

Mwisho akakata kadi, akageuka upande akaandika, akaifunga, akaifunika kofia na kuibana. Nikaelewa. Amelaza yeye, ataamsha yeye, mkono wangu hautakiwi tena. Sikumlaumu. Alinikumbatia kabla ya kupanda gari, nami nikamwambia, "Safari njema, Mzee." Ndiyo yote niliyomwambia.

Hakurudi tena. Karakana akatuachia, mnajua. Alipiga simu kila mwezi, na kila mara swali la mwisho lilikuwa lile lile: "Boti hajambo?" Namjibu, "Amelala, Mzee." Anakaa kimya kidogo, kana kwamba anangoja kitu, kisha anaaga. Niliitunza. Nilibadilisha turubai mara mbili, nikafukuza panya, nikapaka mbao mafuta. Kofia ya injini sikuigusa. Wasemao majuto ni mjukuu hawakosei, na wangu alikuwa ameshaanza shule.

Mwaka juzi Harjit akapiga simu, nikajua kabla hajasema. Mzee amekwenda. "Anko, alitaka aje huko. Alitaka ile boti. Utaweza kuamsha?"

Nilikuwa nimesimama mbele ya banda, naiona boti kwa macho yangu. Nikamwambia, "Mwanangu, unajua sheria ya baba yako. Aliyelaza ndiye huamsha. Hii aliilaza kwa mkono wake. Mimi sina ruhusa."

Sikuwa nalinda sheria. Nilikuwa naogopa. Niliogopa kuvuta kamba ile tena mbele ya mtu yule na chungu kingine mikononi mwake, nikaichukua sheria nikajifunika nayo. Harjit akasema, "Sawa, Anko. Nimeelewa." Walimpeleka kwenye mto mmoja wa huko kwao, mvua ikinyesha. Alinitumia picha.

Basi, wiki moja kabla ya kuniaga, Isabirye na mimi tulikuwa tunahesabu vitu vya banda ili nikabidhi. Tulifika kwenye boti. Nikaanza kumweleza kwamba hii haifunguliwi, na kwa nini. Nilikuwa natazama pembeni, kwa sababu habari hii siwezi kuisimulia nikimtazama mtu, nikasikia vibano vya kofia vikilia: tak, tak. Isabirye ana mikono myepesi kuliko masikio.

"Mzee," akasema. "Si umesema hii ni ya yule Kalasinga?"

"Ni yake. Funika."

"Lakini hapa jina iko ya wewe."

Nilimnyang'anya kadi. Penseli, mwandiko wake wa herufi kubwa zilizosimama. Kazi zote, mstari kwa mstari, alama kila mahali. Na chini, mahali pa jina moja, aliandika mistari miwili. Wa kwanza: AMELAZA KIRPAL. Wa pili: ATAAMSHA SIRAJI.

Miaka ishirini na kitu alikuwa hajaivunja sheria yake kwa mteja wala kwa rafiki. Aliivunja siku ile, akiwa amenipa mgongo, na alinijua: alijua siwezi kusema, akaniachia mahali pa kusemea. Kila mwezi aliuliza boti hajambo. Nilichotakiwa ni kufungua kofia tu.

Isabirye aliniona nikilia, akajifanya anatafuta spana. Kisha akauliza, kwa sauti ya adabu, kama tujaribu. Tulijaza pipa. Sikumwachia madumu yote peke yake. Nilibeba nusu yangu. Nikatoa vitambaa vya grisi matunduni, nikabadilisha mpira wa pampu maana mpira huzeeka hata ukipendwa, nikatia petroli mpya. Mfukoni nilikuwa na ule mpira wangu wa siku ya kwanza, nikaushika.

Mvuto wa kwanza ilitoa moshi. Wa pili ikawaka, ikanguruma, maji yakaruka kutoka kwenye tundu lake, safi, bila kukohoa hata mara moja.

Isabirye akafurahi, akapiga kofi kwenye ukingo wa pipa. "Mzee, hii engine ilikuwa tayari siku zote!"

Nikamwambia ndiyo, ilikuwa tayari.